Nilimnunulia Mtoto wa Mume Wangu Gari Lisilovunjika

"Ni yeye! Mama mdogo ndiye amelivunja!"

Kidole kidogo kikanielekea mimi.

Mimi! Niliyekuwa jikoni namenya viazi, maganda bado yamenata mikononi!

Mume wangu alikuwa amesimama katikati ya sebule, kiganja kimejaa vipande vya gari jekundu. Miguuni pake kulikuwa na lile jiwe tunalozuilia mlango usijifunge.

Jiwe lenyewe lilikuwa na rangi nyekundu.

"Umempondea mtoto gari kwa jiwe?"

"Mume wangu, mimi sija..."

"Nyamaza! Watu walinionya nikawabishia. Walisema mama wa kambo ni mama wa kambo tu!"

Pa! Neno likanipata palepale panapouma.

Nikamtazama mtoto. Alikuwa analia, lakini macho yake hayakuwa ya mtu anayenichukia. Yalikuwa ya mtu anayeniomba. Mdomo unasema ni wewe, macho yanasema nisamehe...

Ngojeni nirudi nyuma, la sivyo hamtanielewa.

Nilipoolewa nilimkuta binti huyu ana miaka saba, sasa ana minane. Baba yake anamwita Sisimizi, maana muda wote yuko sakafuni anaunga barabara ya vigari vyake.

Mama yake mzazi, niliambiwa, alimfuata mwanaume nchi ya mbali akamwacha. Hata picha yake moja haikuwemo ndani ya nyumba. Nami sikuuliza. Nilikuja kujenga, sikuja kuchimba.

Vigari vyenyewe ni vile vya umeme. Barabara ni ya plastiki, ina mfereji katikati. Chini ya gari kuna kijiti kinachoingia kwenye mfereji, na vibrashi viwili vya waya vinavyopokea umeme kutoka kwenye vyuma vya barabara. Unashika kidude mkononi. Ukibonyeza linakimbia, ukiachia linapoa. Ukizidisha mwendo kwenye kona... linaruka nje!

Jumamosi ilikuwa siku ya baba na binti.

"Kona hiyo! Punguza, Sisimizi, punguzaaa!"

"Baba umeiba! Umeanza kabla yangu!"

"Mimi? Niulize vizuri, mimi dereva wa heshima!"

Mume wangu anasimamia ghala, kutwa anafokeana na wapakiaji. Lakini pale sakafuni alikuwa mtu mwingine kabisa. Nilimpenda zaidi akiwa amelala kifudifudi vile.

Sasa, siku moja pasi yetu iliungua. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mwanamke, kibanda cha mwisho kwenye ukumbi wa nyuma wa soko. Sisimizi nilikuwa naye.

Yule fundi aliponyanyua uso, bisibisi ikamdondoka.

"Pole dada, umeumia?" nikamuuliza.

"Kidogo tu."

Akainama kuitafuta. Alikaa chini ya meza ile muda mrefu kweli... Sikuwaza lolote.

Wiki ileile, gari la kwanza likavunjika.

Wiki iliyofuata, la pili. Mara kioo cha pembeni, mara bawa la nyuma, mara waya umekatika. Na kila likivunjika:

"Mama mdogo, twende kwa yule dada fundi."

"Si kuna fundi hapa karibu?"

"Huyo anaunguza vitu. Yule ana mkono mwepesi."

Basi tunakwenda. Sisimizi anakaa kwenye kigoda, anampa skrubu moja moja. Fundi hana haraka. Waya mmoja saa nzima! Nilikuwa naenda kununua mboga, narudi, nawakuta vichwa vimeinamiana juu ya kigari kimoja.

Nikasema moyoni, afadhali mtoto anajifunza kazi.

Lakini baba yake akachoka.

"Likivunjika tena mikononi mwako, naigawa barabara yote kwa watoto wa jirani! Mtoto gani kila wiki kuvunja?"

Sisimizi akawa mdogo kama jina lake.

Roho ikaniuma. Nikataka kuokoa zile Jumamosi zao. Nikataka pia, sitawaficha, siku moja aseme mama mdogo amenifanyia jambo.

Safari iliyofuata nikamwambia fundi, "Dada, nisaidie. Nataka kumnunulia gari lisilovunjika. Baba yake amechoka."

Alikuwa anachoma waya, moshi unapanda. Akamtazama mtoto.

Mtoto alikuwa anatikisa kichwa, polepole. Nilimwona! Nikadhani anafukuza nzi.

"Unataka la kudumu kweli?" fundi akaniuliza.

"La kudumu kabisa."

"Basi usichukue lenye vioo vya pembeni wala bawa. Hivyo ndivyo vinaanza kukatika. Libonyeze ubavuni. Plastiki nzuri inabonyea kidogo inarudi, mbovu inalia. Ligeuze. Likiwa limegundishwa kwa gundi, liache. Chukua lililofungwa kwa skrubu. Kijiti cha chini kiwe kinene, na vibrashi viwe vinauzwa peke yake, maana hivyo lazima viishe."

"Na kuruka kwenye kona?"

"Tafuta lenye..." Sauti ikamkwama. "Lenye sumaku kubwa tumboni. Hilo halitoki barabarani."

Nikasema ni moshi umemkaba.

"Dada, ukinifundisha hivi si utakosa mteja?" nikamtania.

Akacheka. Lile cheko, jamani...

"Umeniuliza kitu cha kazi yangu. Siwezi kukudanganya."

Dukani nilibonyeza, nikageuza, nikahesabu skrubu, mpaka muuzaji akanishangaa.

"Dada, unanunua gari au ng'ombe? Bado kumfungua mdomo tu!"

Nikachagua jekundu.

Likawa chuma! Lilianguka kutoka mezani, zima. Mume wangu alilikanyaga kwa bahati mbaya, zima. Wiki ya kwanza, ya pili, ya nne!

"Mke wangu, hapa umepatia," akasema mbele ya mtoto.

Nikavimba kichwa. Kumbe!

Maana nilianza kuona kitu. Sisimizi hakuwa anaachia tena kwenye kona. Anabonyeza mpaka mwisho, ameuma meno. Analitaka liruke! Na ile sumaku inalishika tu. Linazunguka, linazunguka, haliendi popote.

Chakula akawa anakichezea. Siku moja akanifuata jikoni.

"Mama mdogo, hatuna pasi mbovu?"

"Hatuna, mwanangu."

"Hata redio?"

"Hata redio. Kwani vipi?"

"Basi tu."

Siku mbili baadaye ndipo likatokea lile la jiwe.

Sasa mnaelewa kwa nini alinisingizia. Baba alishasema likivunjika mikononi mwake anagawa barabara. Likivunjwa na mama wa kambo, linapelekwa kwa fundi!

Lakini baba mtu akasema jambo ambalo mtoto hakulitegemea.

"Leo nalipeleka mwenyewe. Huyo fundi wenu yuko wapi?"

Kilio kikakatika ghafla. Sisimizi akanikimbilia, akanivuta gauni mpaka nikainama.

"Baba asije! Mwambie asije!"

"Kwa nini?"

Akanipulizia sikioni maneno matatu.

"Yule ni mama."

Bisibisi iliyodondoka. Kichwa kilichotikiswa. Saa nzima kwa waya mmoja... Na yule mwanamke akanichagulia kwa mdomo wake mwenyewe gari la kumkosesha mwanawe!

Mume wangu alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Leo... leo atakuwa amefunga," nikasema.

"Umejuaje?"

"Huwa anafunga mapema."

"Twende tukaone."

"Viazi viko jikoni..."

"Zima jiko!"

Ningefanya nini, jamani? Nimlalie miguuni? Njia nzima mtoto amenishika mkono, kucha zimeingia kwenye ngozi yangu.

Fundi alikuwa ametupa mgongo. Alisikia hatua za mwanawe akageuka anatabasamu. Tabasamu likafia palepale.

"Wewe?"

"Mimi."

"Umejifunza lini kuchoma waya?"

"Tangu uliponifukuza."

"Nilikwambia nini kuhusu mtoto? Nilisema nikikuona karibu naye nahama naye mji!"

"Sijamfuata. Ameniletea kazi, nimefanya kazi."

Kwa hiyo hapakuwa na nchi ya mbali. Hapakuwa na mwanaume. Mwaka mzima nimekula uongo, nikashiba!

Mume wangu akanigeukia.

"Na wewe ulijua!"

"Nimejua ulipokuwa unavaa viatu."

"Ukanyamaza?"

Hakungoja jibu. Akamshika mtoto mkono.

"Liache basi gari nilitengeneze," fundi akasema, taratibu kabisa.

"Halina haja."

Mnajua Sisimizi alisema nini? Hakupiga kelele. Hakuita mama. Alimtazama, akasema:

"Kwaheri, fundi."

Bado analinda siri, na siri yenyewe imekwisha!

Nilimbembeleza mume wangu kwa kila namna. Hata Jumamosi moja kwa mwezi. Hata saa moja, mimi nikiwepo. Akanijibu, "Unataka kuendelea kukaa nyumba hii au hutaki?" Nikafikiria nikiondoka mtoto atabaki na nani. Nikabaki.

Nikasema basi niende mwenyewe, kwa siri. Nilikuta kibanda kina mtu mwingine, anauza vifuniko vya simu.

"Alihama, dada."

"Kwenda wapi?"

"Hakusema. Alifungasha siku moja tu."

Mume wangu amenunua barabara nyingine, kubwa, inajaza nusu ya sebule. Jumamosi wanacheza. Sisimizi anaachia kwenye kona vizuri, anashinda, anasema asante baba, anapanga vigari kwenye boksi. Hajavunja hata kimoja. Baba yake anajisifu kwa wageni kwamba mtoto amekua, siku hizi mtulivu.

Mimi namtazama tu. Naona, na sina la kufanya.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, mtoto akivunja kitu kilekile mara ya tatu, mwekeni chini, mtazameni usoni, mumuulize anataka nini.

Mimi nilikimbilia dukani.