Waya wa Silvester

Ndugu zangu, nyumba ninayotaka kuwasimulia iko Mlandege, mjini Iringa, na haina tofauti na nyumba zenu. Nisikilizeni, maana lililoipata linaweza kumpata yeyote.

Jumapili moja ya mwezi wa saba, baada ya ibada, Silvester alikuwa uani kwake akiota jua. Baridi ya Iringa ya mwezi huo mnaijua. Mkewe Lusia alikuwa anachambua maharage. Binti yao wa pekee, Eveline, alikuwa amerudi kutoka chuoni Mbeya, anakosomea uhandisi wa kemikali mwaka wa tatu. Silvester alimwuliza wanafundishwa nini hasa huko, kwa sababu watu kanisani humwuliza naye hukosa la kujibu.

Eveline akamletea ndoo ya maji ya kuoga, akamwambia atie mkono. Baba akasema yamezidi moto. Akaongezewa ya baridi, akatia mkono tena, akasema sasa ni sawa. Basi, binti akamweleza, somo lake kubwa la mwaka huu ni hilohilo, linaitwa udhibiti wa mchakato. Mkono unapima, kichwa kinalinganisha na unachokitaka, kisha unarekebisha. Kiwandani badala ya mkono kuna kifaa, na mhandisi anatakiwa ahakikishe kifaa hicho hakidanganyi wala hakinyamazishwi.

"Kumbe mimi ni mhandisi siku nyingi," Silvester akasema, wakacheka wote watatu. Kicheko hicho Lusia anakikumbuka hadi leo.

Silvester alikuwa mtu wa boila katika kiwanda kidogo cha kusindika nyanya, nje kidogo ya mji. Boila ni lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji ili mvuke wake upikie nyanya. Alikuwa amelihudumia miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyelijua kama yeye. Ndiye aliyembembeleza meneja hadi Eveline akapata nafasi ya fildi hapo, yaani mafunzo ya kazini, kwa wiki nane, na ndiye aliyepewa kumsimamia na kusaini daftari lake kila Ijumaa. Mzazi gani asingejivuna?

Sasa ngoja niwaambie ugonjwa ulikuwa wapi. Boila lile lilikuwa na kifaa cha kupima maji. Maji yakipungua, kifaa kinapiga kengele na kuzima moto chenyewe. Lakini kilikuwa kimeshika ukoko wa chumvi, kikawa kinazima moto hata maji yakiwa tele, nyanya zinakwama, meneja anafoka. Kukisafisha kulihitaji kuzima boila kutwa nzima. Silvester akatafuta njia ya mkato. Alichukua kipande cha waya, akaunganisha pale nyuma, kifaa kikawa kinaamini wakati wote kwamba maji yapo. Yeye akabaki akilinda maji kwa macho, kwenye kioo, yaani kile kibomba kilicho ubavuni mwa boila kinachoonyesha maji yamefika wapi. Mwaka mmoja na nusu ukapita salama, na watu wakamsifu. Hapo ndipo tunapopotelea, jamani. Jambo baya likikaa mwaka bila kudhuru, tunaanza kuliita utaalamu.

Eveline aliuona waya siku ya tatu. Hakusema neno pale, kwa sababu Obeid, msaidizi wa baba yake, alikuwepo, na kwao mtoto hamkosoi baba mbele za watu. Alisubiri hadi nyumbani, baada ya kula.

"Baba, ule waya umeliziba boila mdomo."

Silvester akamjibu kwamba kioo anakitazama tangu Eveline hajazaliwa. Binti akasema kwa upole kuwa kioo nacho njia zake huzibwa na tope, kikaonyesha maji ambayo ndani hayapo, ndiyo maana huwekwa vipimo viwili.

"Mama," Silvester akasema, maana hivyo ndivyo alivyozoea kumwita, "umesomeshwa na boila lile. Leo unanifundisha mimi?"

Eveline akainamisha uso, akaomba radhi.

Ijumaa akaleta daftari lisainiwe. Alikuwa ameandika habari za waya na kuuchora. Silvester akamfikiria mwalimu wa Mbeya akisoma ukurasa ule, akamfikiria meneja, akaogopa. Hakufoka. Afadhali angefoka, huenda msichana angebisha.

"Usiniaibishe, mama. Andika upya."

Eveline akauchana ule ukurasa. Akaandika mwingine kwa mwandiko wake mzuri: kifaa cha kuzima moto kinafanya kazi vizuri. Baba akasaini chini yake.

Jumanne ya wiki ya tano, saa nne asubuhi, Silvester aliitwa getini. Ndugu zake walikuwa wamefika kutoka Idodi na habari za msiba wa baba yake mdogo. Akamwachia Eveline kioo, akamwagiza kwamba maji yakishuka chini ya alama awashe pampu ya pili.

Obeid, aliyekuwa mlangoni, ndiye shahidi. Anasema msichana hakuondoa macho kwenye kioo. Maji yalionyesha nusu, yakabaki nusu palepale.

"Kaka Obeid, mbona haya maji hayatikisiki?"

Akafungua koki ya chini ya kioo, kama alivyofundishwa chuoni. Maji yakatoka, na kioo hakikujaa tena. Tope lilikuwa limeziba njia, na pampu ya kujaza maji ilikuwa imeacha kuvuta bila mtu kujua. Boila lilikuwa kavu na moto unawaka. Akampigia kelele Obeid akimbie, yeye akaenda kuuzima moto kwa mkono. Wakati huohuo pampu ikashika, maji baridi yakamwagika juu ya chuma chekundu.

Silvester alisikia kishindo cha boila kupasuka akiwa getini. Mtoto wake hakufika hospitali.

Siku ya tatu baada ya mazishi meneja alikuja kutoa pole. Akaaga, kisha akarudi, akamweleza Silvester taratibu kwamba wakaguzi watafika kesho, na kwamba daftari linaonyesha kifaa kilikuwa kizima. Ikisemwa mwanafunzi hakuwa makini, jambo litaisha na Silvester atabaki kazini. Marehemu hataumia tena.

Lusia aliyasikia yote akiwa jikoni. Meneja alipoondoka alikuja na daftari, akaliweka wazi mapajani mwa mumewe.

"Mwandiko ni wa mwanangu," akasema. "Maneno ni ya nani?"

Silvester alilia hadi Lusia akachoka kusimama, akaketi chini karibu naye, lakini hakumgusa.

Kesho yake mbele ya wakaguzi, meneja akiwa pembeni, Silvester alifungua ukurasa ule.

"Maneno haya ni yangu," akasema. "Binti yangu aliandika ukweli, nikamwambia aufute. Waya niliuweka mimi."

Alifukuzwa kazi, na kesi yake bado iko mahakamani. Lusia humpikia na kumwandalia maji ya kuoga kama zamani. Silvester hutia mkono ndani ya ndoo, akasahau kuutoa, mpaka maji yanapoa.

Funzo

Wazazi wenzangu, mtoto tuliyemsomesha akirudi na kutuambia tumekosea, tumsikilize. Tulimpeleka shule ili ajue tusiyoyajua. Miaka mingi kazini haimzuii mtu kukosea.

Nanyi vijana, heshimuni wazazi, lakini msiandike uongo kwa heshima. Baba akikataa kusikia, mtafuteni mwingine wa kumwambia. Eveline alinyamaza ili asimwaibishe baba yake, na leo baba huyo angetoa chochote aaibishwe siku ile ya Ijumaa.

Ndugu, kila mmoja ajichunguze kazini kwake na nyumbani kwake. Kama kuna kengele umeifunga waya kwa sababu inakusumbua, nenda kaufungue leo, kwa sababu siku utakapoitwa getini, atakayebaki pale ni mtu wako.