Hendeli ya Rola, Shirere

Hendeli iliibwa lami ikichemka pipani. Rola lilikuwa la zamani, limelala mbele ya nyumba ya Masinde kama kiboko aliyeshiba, na bila hendeli, ile chuma ya kuzungushia injini, haliwaki. Miaka hiyo ya tisini, ukiwa na lami hadi mlangoni, Shirere nzima ilikusalimia mara mbili.

Inspekta Osiako alimhoji msimamizi wa kazi, Andati.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa chai, afande. Kurudi, haiko. Lakini hiyo chuma imejaa grisi. Mwizi atakuwa mweusi kunishinda!"

Osiako alikagua viganja vya vibarua. Vyote vilikuwa na grisi.

"Fanya haraka, Inspekta," Masinde alilalamika. "Hizi kokoto zimenilia magurudumu sana."

"Na isipopatikana," aliuliza mkewe, Mideva, akiandaa chakula, "si kokoto zitabaki tu?"

"Wewe pakua, mama!"

Osiako alimega obusuma, ugali wa kwao, akatafuna, akaacha. Ulinuka mafuta ya taa, yale ambayo mafundi hunawia grisi. Akaingia jikoni, akazamisha mkono kwenye debe la unga. Hendeli hiyo! Masinde alimnyang'anya kielelezo, akatoka nacho mbio.

"Mama, kwa nini?" Osiako aliuliza.

Mideva alishika kuosha sufuria. Osiako alimhoji mpaka jua likageuka, rola likinguruma nje.

"Basi Andati atalala ndani kama mshirika wako."

"Andati hajui kitu!" Mideva aliketi chini. "Mtoto wangu wa kwanza yuko hapo njiani. Alizaliwa hapumui."

"Mzee anajua?"

"Mtoto kama huyo huzikwa na wamama peke yao. Wanaume hawaonyeshwi mahali. Mama mkwe alinikataza kusema, akafa na siri hiyo. Kisha huyu mzee akamwaga kokoto. Nikavumilia, kokoto hupitisha mvua hadi kwake. Lakini lami, afande?"

"Ungemwambia mumeo!"

"Ningeanzia wapi?"

Osiako alitoka akipunga mikono. "Simamisheni!"

Rola lilimeza sauti yake. Masinde, jasho likimtiririka, alidhani anapongezwa, akampungia kofia. Njia yote ilikuwa nyeusi, inafuka moshi.

Mideva alisimama ukingoni.

"Ni wapi hasa, mama?" Osiako alinong'ona. "Labda tuchimbe hapo tu."

Mideva alitazama getini, akatazama mlangoni, akarudi getini.

"Kulikuwa na jiwe jeupe," alisema. "Sasa sipaoni, afande."