Aliyehamishwa Mzungukoni

Kitanda cha mjukuu kilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana dirisha la chumba kile lilitazama kivulini. Lilikuwa joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Mhandisi alikuwa ameingia kuvisha mto foronya mpya. Alipapasa shuka, akajiambia uzee hauji peke yake, akaenda kuchemsha chai.

Mkewe alikuwa amekwisha fariki, na binti yake wa pekee alihama na mtoto, kwa sababu kifua cha mtoto hakikuuweza moshi wa makutano ya barabara yaliyokuwa chini ya nyumba. Foleni ya pale haikujua asubuhi wala jioni. "Siku makutano haya yakinyamaza, baba, tutarudi," binti alisema siku ile akibeba mabegi. Ndipo mhandisi alipoyaomba makutano yale kazini, kama wengine wanavyoomba cheo. Akayachora upya: malori yakapita chini, magari madogo yakapita juu, waenda kwa miguu wakapewa njia yao yenye miti. Ule mzunguko wa katikati, kisiwa cha nyasi ambacho magari yalikizunguka miaka nenda miaka rudi, akaufutilia mbali. Kila kipande cha ardhi kikapata kazi. Hilo alijivunia kuliko yote.

Sasa kulikuwa kimya, na binti na mtoto walikuwa warudi kesho kutwa. Lakini kimya nacho kina mambo yake. Magharibi ilipoingia alisikia kitu kikijigeuza kitandani mle chumbani, taratibu, kama mtu anayetafuta ubavu wa kulalia, halafu ikaja harufu ya nyasi mbichi na dizeli, ikapita chini ya mlango, ikamfuata sebuleni, ikakizunguka kiti chake, ikakizunguka tena, naye akabaki ameshika kikombe kilichokwisha poa, hathubutu kugeuka, hathubutu kuita, maana nyumba nzima haikuwa na mtu wa kuitwa, na hilo, Mungu amsamehe, lilimuuma kuliko woga wenyewe.

Asubuhi akamwita mganga. Alikuja mama mmoja mfupi, mwenye haraka zake.

"Nimetoka kwangu mpaka hapa sijasimama popote," alisema akivua viatu. "Ni kazi yako? Hongera, baba."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Mhandisi alimsikia akinong'ona, kisha akinyamaza kama anayejibiwa. Alipotoka, jasho lilimtiririka na haraka yote ilikuwa imemwisha.

"Alikuwa anakaa pale katikati ya mzunguko," alisema kwa sauti ya chini. "Kabla hata lami haijaja. Mmemvunjia nyumba."

"Hatukujua, mama. Wenye nyumba wote tuliwatafutia pengine."

"Naye anataka hivyo hivyo. Nionyeshe sehemu moja tu hapo ambapo binadamu hapakanyagi, nimpeleke leo. Mbali hataki."

Mhandisi alitandaza mchoro mezani, akaanza kupitisha kidole. Chini ya daraja aliweka mabenchi. Pembeni, njia ya baiskeli. Kona ya mwisho, ndogo kama ukucha, aliifanya bustani ya watoto kuchezea, kwa ajili ya mjukuu. Kidole kikarudi kilikoanzia.

"Hakuna," alisema.

"Hata pa kutandika mkeka?"

"Hata hapo. Niliitumia yote."

Mganga alivaa viatu polepole. "Basi sina pa kumpeleka. Wewe mtu mzima, atakuvumilia. Lakini mtoto asilale humu. Kile kitanda ameshakipenda."

"Na mimi nikihamia kwao?"

"Atahama nawe. Wewe ndiye uliyemtoa kwake."

Alipoondoka, mhandisi alimpigia binti yake.

"Baba! Mizigo tayari. Mwenzio hapa halali kwa furaha, anaulizia kitanda chake."

"Mwanangu, msije."

"Unasemaje?"

"Kazi haijaisha. Kelele bado, moshi bado. Kifua cha mtoto kitaumia."

"Mbona nasikia kimya?" Sauti yake ilianza kukatika. "Baba, kama hututaki, sema tu."

Mhandisi aliibana simu sikioni. Ndipo nyuma yake, ndani ya chumba cha mtoto, likapiga honi lori, zito, la mbali, ikafuata pikipiki, ikafuata basi, na breki zikalia, na konda akaita abiria, na mtu akamtukania mwenzake mama yake, mpaka foleni nzima ya zamani ikajaa mle chumbani mwenye kitanda kimoja kidogo.

"Kweli, baba, nazisikia," binti alisema kwa huzuni. "Nisamehe. Basi tutasubiri mpaka ziishe."

"Sawa, mwanangu. Nibusie mtoto."

Simu ilipokatika, honi nazo zikanyamaza, moja baada ya nyingine. Mlango wa chumba ukafunguka. Kiti kilichokuwa kando yake kikalia kidogo, kama kinavyolia kikikaliwa.

"Asante," alisema mhandisi, maana hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye.