Diski ya Ndani ya Kopo la Biskuti

Tuseme ukweli mapema: siku ile mjinga alikuwa Kiherehere, na hata yeye mwenyewe habishi. Jina hilo alipewa na mama yake, mpiga picha, maana binti huyo hakuwahi kuona kitufe akakiacha kipumzike.

Kila akitoka shule alifagia studio ya mama na kupangusa kompyuta. Ijumaa hiyo alifanya kazi huku akipenga kamasi, kwa mafua aliyoambukizwa na jirani yake wa dawati. Kitu kimoja kilimchekesha siku zote. Mama akishanakili picha zake kwenye diski ndogo, huichomoa na kuifungia ndani ya kopo la biskuti.

"Mama, diski yako inaogopa baridi?"

"Cheka tu, mwanangu."

Mama alipotoka kununua karatasi, Kiherehere akachomeka flashi aliyopewa na yule jirani wa dawati, yenye mchezo wa magari. Programu ya kinga dhidi ya virusi ikalia: hatari!

"Na wewe una maneno mengi," akaiambia, akaizima.

Mchezo haukufunguka. Badala yake, picha zikaanza kugeuka visanduku vyeupe visivyo na kitu, moja baada ya nyingine. Harusi zikaenda. Mahafali yakaenda. Zikafuata za bibi muuza maua: picha pekee za marehemu mumewe, zilizotolewa kwenye simu ambayo sasa imekufa kabisa. Bibi angezifuata kesho saa sita. Nazo zikaenda, anaziona.

Akalikimbilia kopo. Akasogeza waya wa diski kwenye tundu la kompyuta.

"Usichomeke!"

Mama alikuwa mlangoni, karatasi zimemwagika miguuni. Aliruka, akang'oa waya wa umeme ukutani. Skrini ikawa nyeusi.

"Hiyo ndiyo nakala pekee iliyobaki," alisema akihema. "Ungeichomeka, nayo ingeliwa."

Kiherehere akaeleza yote, hata habari ya kuzima kinga.

Asubuhi alikuja fundi wa kompyuta. Alifuta kila kitu kwenye mashine, akaweka programu upya, akapima mara mbili. Saa tano na nusu akachomeka diski. Kiherehere akafumba macho.

"Haya, tazama," fundi akasema.

Mume wa bibi muuza maua alikuwa pale, kofia upande, anacheka.

Kiherehere akalia kwa sauti.

"Sikia, binti yangu," fundi akamwambia. "Kinga ikipiga kelele, isikilize. Flashi ipimwe kabla ya kufunguliwa. Na nakala ikae mbali na mashine, kama hii ya kwenye kopo."

"Lakini fundi," Kiherehere akajitetea, akifuta pua, "mimi sikuchukua flashi kwa mtu wa barabarani. Nilipewa na rafiki yangu kabisa!"

"Na hayo mafua," mama akauliza bila kugeuka, "alikupa nani?"