Dawa Iliyonaswa na Mkaa

Asubuhi hiyo Mama Vyungu aliamka na kisirani. Hajanywa hata chai, tayari yuko uani. Alishika chungu cha waridi, akakigeuza juu chini, akakigonga mara mbili. Udongo ukatoka mzimamzima kama mkate. Mizizi ilikuwa imetafunwa, na katikati yake walilala funza weupe watano, wanene, wamejikunja. Walikuwa wazima kabisa.

"Hawa wamepewa dawa au wamepewa uji?" alisema peke yake.

Jina la Mama Vyungu lilitokana na kazi yake. Alikuza mawaridi kwenye vyungu, akawauzia watu wenye baraza na ofisi. Mawaridi yake yalisifiwa, na udongo wake ulisifiwa zaidi, maana ulikuwa mweusi tii. Siri yake ilikuwa vumbi la mkaa. Vumbi lililobaki chini ya gunia la jikoni alilichekecha, akalichanganya na udongo na samadi, ndoo kwa ndoo. Wateja walipenda weusi ule, wakadhani ndiyo rutuba. Kuchanganya alichanganya mwenyewe, na ole wake atakayegusa.

Kumwagilia ilikuwa kazi ya wifi yake, dada wa mumewe. Ndoa yake ilivunjika mwaka uliopita, akaja kukaa kwa kaka yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ndiyo maana wakamwita Kimya. Wiki mbili nyuma, funza walipoingia vyunguni kwa mara ya kwanza, Mama Vyungu alimkabidhi chupa ya dawa yao. Alimwonyesha jinsi ya kuichanganya na maji na kumwaga kikombe kimoja kila chungu.

Sasa mawaridi ya vyungu sitini yalikuwa yananyauka.

"Kimya, hebu njoo hapa."

Kimya akaja akijifuta mikono.

"Ile dawa uliimwaga?"

"Niliimwaga, wifi. Kikombe kimoja kila chungu."

"Basi hawa ni nini?"

Kimya akainama kutazama. "Ni funza."

"Sikukuuliza jina lao. Chupa imebaki nusu. Dawa imekwenda wapi?"

"Imo vyunguni."

"Imo vyunguni, au umemgawia yule rafiki yako anayelima kabichi?"

Mori ulishampanda. Ua ule ulipakana na bomba la mtaa, na wanawake watano walikuwa kwenye foleni ya maji. Wote wakanyamaza ili wasikie vizuri. Mama Vyungu aliwaona. Badala ya kushusha sauti, akaipandisha. Akasema anafuga mwizi ndani ya nyumba. Akasema amemlisha mtu mwaka mzima, na shukrani zenyewe ndizo hizi. Mwisho akamwambia Kimya atafute pa kukaa kabla mwezi haujaisha.

Kimya hakulia.

"Mimi si mwizi," alisema, kisha akaingia ndani.

Mume wa Mama Vyungu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Aliporudi kutoka kazini alijaribu kutuliza mambo.

"Mke wangu, huyu ni dada yangu. Aende wapi?"

"Angelifikiria hilo kabla ya kugawa dawa."

"Ulimwona akigawa?"

"Funza wamenionyesha."

Kesho yake Mama Vyungu alinunua chupa nyingine, akamwaga dawa kwa mkono wake mwenyewe. Kwa sababu alikuwa amefura, alimwaga vikombe viwili viwili, tena bila glavu. Mikono ilimwasha siku nzima. Baada ya wiki aligonga chungu. Funza wakatoka, wazima, wamenenepa kuliko wa kwanza.

Hapo mtu mwingine angesimama akafikiri. Ikiwa nimemwaga mwenyewe na funza hawakufa, Kimya kosa lake nini? Wala hakujiuliza. Alihamisha hasira tu. Aliwatia funza kwenye kopo, akaenda nao mpaka duka la dawa za mimea, akawamwaga juu ya meza.

"Unauza maji ya rangi," akamwambia muuzaji.

"Mama, jirani yako amenunua dawa hiyo hiyo, na funza wake wamekufa."

"Basi hawa ni wa ukoo gani?"

Mtu akacheka nyuma yake. Alikuwa bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa mtaa ule, aliyekuja kununua mbegu.

"Mama, vyungu vyako umejaza nini?" aliuliza.

Mama Vyungu alitaja kwa majigambo. Udongo, samadi, vumbi la mkaa. Bibi shamba akaacha kucheka.

"Twende nikaone."

Walipofika uani, bibi shamba aliomba makopo mawili yaliyotobolewa chini. Moja alilijaza mchanga. La pili alilijaza udongo mweusi wa Mama Vyungu. Chini ya kila kopo akaweka glasi. Kisha alitia wino kwenye maji, yakawa buluu, akamimina polepole kote kuwili. Kimya alikuwa mlangoni, anatazama kwa mbali.

Kwenye mchanga maji yalipita mbio, yakatoka buluu vile vile. Kwenye udongo mweusi yalichelewa. Yalipoanza kudondoka, yalikuwa karibu hayana rangi.

"Wino umekwenda wapi?" bibi shamba akauliza.

Mama Vyungu aliinua glasi, akaichungulia. Aliyejibu ni Kimya.

"Umo koponi."

"Umo koponi," bibi shamba akakubali. "Mkaa una vitundu vidogo mno, huvioni kwa macho. Dawa ikiingia humo, inanasa. Haimfikii funza. Samadi nayo inashika dawa, ila si kama mkaa. Mchanga haushiki. Unaiachia ipite mpaka kwenye mtaro, hata kwenye kisima."

"Kwa hiyo hata nikizidisha vikombe?"

"Unajitia sumu bure. Fuata kipimo cha kwenye chupa, na vaa glavu."

"Basi udongo huu nitaumwaga kwenye mchicha."

"Usithubutu. Dawa haijapotea, imelala humo. Itatoka kidogo kidogo, iingie kwenye mchicha, na mchicha mtaula nyinyi. Udongo huo utumie kwa maua tu, mbali na kisima."

Akamweleza la kufanya. Ang'oe mawaridi, aoshe mizizi, atoe funza kwa mkono. Apande upya kwenye udongo, mchanga kiasi na samadi kidogo iliyooza. Mkaa asitie. Siku moja kabla ya dawa alowanishe vyungu, kwa sababu udongo mkavu hauipokei sawasawa. Dawa aimimine taratibu, aache kabla haijavuja chini.

Bibi shamba alipoondoka, Mama Vyungu alibaki anautazama udongo wake. Udongo aliojivunia miaka yote. Alitamani kuupiga teke. Alitamani kujizaba kofi. Akaenda chumbani kwa Kimya, akamkuta anakunja nguo na kuzitia kwenye begi.

"Wifi, nisamehe. Nilikukosea."

"Unaniomba msamaha chumbani," Kimya alisema bila kugeuka. "Kuniita mwizi uliniitia wapi?"

Mama Vyungu akageukia dirisha la upande wa bomba.

"Foleni ipo sasa hivi," Kimya akaendelea. "Nasikia ndoo."

Mama Vyungu akatoka nje. Akasimama mbele ya wanawake wa bombani.

"Jamani, wifi yangu si mwizi. Dawa aliimwaga vyunguni kama nilivyomwagiza. Udongo wangu ndio uliokuwa na kasoro, nami nikampaka matope mtu asiye na hatia."

"Mimi nilishawakataza wanangu wasiingie kwenu," mmoja akasema.

"Basi kawaambie waje."

Kimya aliahirisha safari. Walichanganya udongo mpya pamoja, wakaosha mizizi ya vyungu vyote, wakamwaga dawa kwa kipimo. Baada ya miezi miwili waligonga vyungu kumi. Mizizi ilikuwa mingi, mizima, na funza hakuna hata mmoja. Udongo haukuwa mweusi tena. Wateja waliuliza, wakaelezwa, wakanunua.

Siku walipouza chungu cha mwisho, Kimya alitoa godoro lake nje.

"Nimepata chumba mtaa wa pili," alisema. "Kazi nitakuja kila siku. Kulala, nalala kwangu."

"Wifi, si tulisameheana?"

"Tulisameheana. Lakini tangu ulipotaka kunifukuza, hapa usingizi siupati. Nalala nikisikiliza mlango."

Mama Vyungu alijifunga kanga kiunoni. Akashika upande wa pili wa godoro, wakalibeba.