Jani la Mgomba Korongoni

Jumapili alasiri, mwezi wa Agosti 1994, Kipruto alilala kifudifudi ukingoni mwa korongo la Kapsirmet, kaskazini mwa bonde la Kerio, akachungulia chini. Huko hakuna njia. Kuna mawe yanayounguza, miiba, na kuta za mwamba zilizobanana hata jua lenyewe huingia kwa kubahatisha. Chini ya poromoko kavu, mahali ambapo zamani maji yalikuwa yakiangukia, mtu alikuwa amelala chali. Kipruto alimjua kwa shati lake la buluu. Uso hakuuona, maana ulikuwa umefunikwa kwa kitu cha rangi ya kahawia. Aliita. Korongo likamrudishia sauti yake mwenyewe. Akaondoka mbio kwenda kutafuta watu na kamba.

Kufikia Jumatano, Kipruto alikuwa ndani ya selo ya Kakamega, akishukiwa kumuua mtu aliyempata.

Faili lilimwangukia Inspekta Jerotich. Marehemu, Phanuel Amukoya, alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Shinyalu, na mashahidi wake wote walikuwa watu wa Kakamega, ndiyo maana kesi ililetwa huku. Jerotich naye alikuwa Mnandi, wa lugha moja na Kipruto, wa juu ya ule mlima unaoonekana kutoka Shinyalu asubuhi za mbingu safi. Tangu zile fujo za mipakani kati ya watu wa kwao na watu wa huku, alikuwa akiingia kantini na mazungumzo yanakatika. Hakuna aliyemtukana. Walimwamkia vizuri, wakampisha kiti, kisha wakakumbuka kwamba wana kazi. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, na mwenyeji hakuwa na haraka ya kupona. Alizoea kunywa chai yake peke yake kando ya dirisha, na kuzoea hakukupunguza uchungu.

"Kesi iko wazi," alisema mkuu wa kituo, Bwana Oduor. "Phanuel alishuka na kamba. Kamba imepatikana kwa Kipruto, chini ya kitanda. Alimfuata, akaivuta ili aiibe, akamwacha mtu shimoni. Jumatatu anaenda kortini."

"Afande, naomba nifike huko kwanza."

Oduor alikuna kidevu. "Enda. Lakini Jerotich, unajua watu watasema nini. Ukimwachilia, watasema umemwachilia wa kwenu."

"Na nikimfunga bila kosa, watasema nini?"

Oduor alirudi kwenye makaratasi yake. Alikuwa mtu mwema, ila alipenda kesi zinazokwisha kabla ya wikendi.

Kipruto alikuwa kijana mrefu, mchunga mbuzi, ambaye kila Agosti aliwaongoza wageni hawa wa Kakamega hadi kwenye mdomo wa korongo. Walikuwa wakilala karibu na boma lake. Jerotich alimhoji kwa Kiswahili, mlango ukiwa wazi, kila mtu asikie.

"Kamba ulipata wapi?"

"Nilipewa na Erastus, yule aliyekuja na marehemu. Jumapili asubuhi, alikuwa ametoka kutafuta rafiki yake. Aliniambia, chukua hii, sisi hatutembei tena."

"Nani aliona akikupa?"

"Hakuna. Mama watoto alikuwa ameenda maji, na yule dada Emily, mchumba wa marehemu, alikuwa ndani na mguu wake."

"Ulishuka kwa maiti?"

"Hapana. Nilimwona kutoka juu. Walioshuka ni wazee, pamoja na polisi wa huko." Aliangalia mikono yake. "Mke wangu ana mimba. Kwetu mtu mwenye mke mjamzito hagusi maiti. Hata ungeniambia ni ndugu yangu, singeshuka."

"Lakini unasema uso ulikuwa umefunikwa."

"Ulikuwa umefunikwa tayari, madam. Na mawe mawili, hapa na hapa." Alionyesha mashavu yake.

Jerotich aliliandika hilo akalipigia mstari.

Alhamisi alimkuta Emily kwao Lurambi. Walikuwa waoane na Phanuel Disemba. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba walisikika wakigombana usiku ule wa kulala kambini, na Jerotich hakuzunguka.

"Mligombana nini?"

"Kuhusu haya matembezi." Emily alikuwa amelia hadi sauti ikawa nyembamba. "Yeye na Erastus wanaendanga huko tangu wamalize shule. Kila likizo, mawe na kamba. Nilimwambia mtu mwenye bibi haendangi kuning'inia kwa magenge. Akakubali hii iwe ya mwisho. Tulichogombana ni nani atamwambia Erastus."

"Nani alimwambia?"

"Alisema atamwambia wakiwa korongoni, wawili tu."

"Wewe ulikuwa wapi Jumamosi?"

"Nilitegua mguu siku ya kwanza. Nilishinda na Chepng'etich, mke wa Kipruto. Kazi yangu ilikuwa kuwafungia chakula. Obusuma na ingokho, ugali na kuku, kila mtu na jani lake, asubuhi ile ya Jumamosi. Majani nilitoka nayo hapa nyumbani, huko utapata mgomba wapi?"

"Ulifunga mafungu mangapi?"

"Mawili. La Phanuel na la Erastus. Mimi nilikula uji na wenyeji."

Erastus Lumbasi alipatikana Shinyalu, nyumbani kwa marehemu, akisimamia kila kitu: turubai, viti, kuni, hata mahali pa kuchimba kaburi. Alikuwa fundi wa redio mjini, mtu mpole, mwenye macho ya asiyelala. Akina mama walimwita mtoto wa nyumba.

"Tulikuwa na utaratibu wetu," alieleza. "Kamba inafungwa juu, Phanuel anashuka kwanza. Akifika chini ananiita jina, ndipo nashuka. Lakini siku ile hatukufika kwenye poromoko pamoja. Tuliachana mbali, pale korongo linapogawanyika. Nilikuwa nimechoka. Yeye akaendelea na kamba. Mimi nikarudi kwa njia ya mbuzi."

"Hukufika poromokoni kabisa? Hata Jumapili ulipokwenda kumtafuta?"

"Sikufika. Nilitafuta mkono ule mwingine wa korongo."

"Chakula chako ulikula wapi?"

Swali lilimshangaza. "Pale pale njia panda, kabla ya kuachana. Tulikula sote."

"Na kamba? Kipruto anasema ulimpa wewe."

Erastus alishika mgongo wa kiti. "Kila mtu husema lake," alisema, akaenda kupanga viti vilivyokuwa vimepangika.

Mochari walimpa Jerotich mfuko wa nguo. Daktari alikuwa amemweleza mengi: Phanuel alivunjika mguu na kuumia kichwa, kucha zilikatika kwa kuparamia mwamba, na hakufa papo hapo. Viganja vyake vilikuwa vimeunguzwa na kamba. Basi alishuka salama, kamba ikaondoka, akajaribu kupanda kwa mikono mitupu. Ndani ya begi lake mlikuwa na jani la mgomba lililokunjwa vizuri, halina chakula. Na ndani ya kola ya shati lake kulikuwa na lingine, lililoteleza kutoka usoni alipobebwa. Mhudumu alikuwa ameliona ni takataka.

Ijumaa asubuhi Jerotich alilipeleka kwa mama wa marehemu. Pascalia alikuwa amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, mbali na wageni. Alilishika jani, akalinusa.

"Hili limepitishwa kwa moto lisipasuke. Ni la kufungia chakula. Umelitoa wapi?"

"Mama, pole. Lilikuwa usoni mwa Phanuel, na mawe kando yake lisipeperuke."

Pascalia alilishusha jani mapajani. Kisha machozi yakamtoka bila sauti, akayaacha yateremke.

"Kwetu hapa, mtu wetu akifia nje, jua halimwoni uso. Anayemkuta, kama ni wake, anamfunika na jani kwanza, ndio analia. Mtu wa kupita anaendanga zake kuita wengine. Wake ndio hufunika." Alimrudishia jani kwa mikono miwili. "Sasa wewe afande niambie. Nani wetu alikuwa huko?"

Jerotich alilirudisha jani mkobani. Jibu lilikuwa upande wa pili wa nyumba, likihesabu viti.

Lakini jani peke yake si ushahidi. Jumamosi alfajiri alikuwa Kapsirmet, akiongozwa na Kibet, mdogo wake Kipruto. Waliacha njia ya mbuzi mapema, wakaingia korongoni. Hapo safari ikawa ya mikono na magoti. Walipita chini ya mawe makubwa yaliyokwama kati ya kuta, wakajibana kwenye nyufa ambamo Jerotich alilazimika kuvua mkoba na kuusukuma mbele, wakatambaa juu ya mwamba uliolainishwa na mafuriko ya miaka hadi ukateleza. Joto lilitoka chini, juu na pembeni. Maji ya kunywa yalianza kupungua kabla ya saa nne. Kibet hakuwa msemaji, na Jerotich alishukuru kwa hilo.

Poromokoni palikuwa na mgunga mmoja mzee. Gome lake lilikuwa limechunika pande zote kwa kamba za Agosti nyingi. Jerotich alifunga kamba yake, akashuka akiwa ameukanyaga ukuta, viganja vikiwaka. Chini palikuwa kama ndani ya mtungi: kuta zimepinda, laini, hazina pa kushika. Mbele kidogo kulikuwa na poromoko lingine, refu zaidi. Bila kamba, mtu hapandi wala hashuki.

Aliketi kwenye mchanga pale Phanuel alipolala. Hakuna ndege, hakuna upepo. Alifikiria usiku mzima wa mahali hapo, na mguu uliovunjika, akahisi upweke wake wa kantini ni mdogo sana. Kisha akaita, "Kibet!" kwa sauti ya kawaida tu, na kutoka juu Kibet akaitikia kana kwamba wamekaa meza moja.

Alipopanda tena, hakuondoka. Alizunguka lile genge polepole. Nyuma ya jiwe kubwa, hatua chache tu kutoka kwenye mgunga, mahali pa kivuli ambapo aliye chini hawezi kukuona, alipata mifupa imetafunwa vizuri: mfupa wa paja, na kifua.

"Mifupa ya kuku," Kibet alisema, akiinama. "Huku hatufugi kuku."

Mifupa ilikuwa pale. Jani halikuwapo.

Jumapili, saa nane mchana, mazishi yakiwa kesho yake, Jerotich aliingia Shinyalu akiwa na Oduor. Erastus alikuwa ameketi karibu na Pascalia na Emily, nyuma ya nyumba. Jerotich alimwamkia mama kwanza, akaomba ruhusa ya kusema mbele yake. Akapewa.

"Erastus, ulisema mlikula kwenye njia panda."

"Ndiyo."

"Emily alifunga mafungu mawili. Jani la Phanuel lilikuwa kwenye begi lake, limekunjwa. La pili ni lako. Lilikuwa wapi?"

"Nililitupa."

"Nimepata mifupa ya chakula chako kando ya mgunga, nyuma ya jiwe. Kwenye poromoko ambalo hukufika. Na jani lako nimelipata usoni mwa rafiki yako, chini, mahali ambapo huwezi kufika bila kamba. Kipruto hakushuka. Na wazee walioshuka wameniambia walikuta amefunikwa." Aliliweka jani kwenye mkeka. "Mtu wa kupita hafuniki. Wake ndio hufunika."

Erastus alilitazama lile jani. Kisha akaanza kusema, na hakumwambia Jerotich bali Pascalia.

"Aliniambia tukifunga kamba. Ati hii ni ya mwisho. Alisema tu, kama mtu anayesema mvua itanyesha, halafu akashuka. Mimi mama sina mtu mwingine. Unajua sina. Akafika chini, akaita jina langu kama kawaida. Sikuitika. Nikavuta kamba. Nilitaka ajue vile inakuwanga mtu akiachwa."

"Ukaketi," Jerotich alisema.

"Nikaketi nyuma ya jiwe nikala. Alifikiri ni mchezo, akacheka. Halafu akaacha kucheka. Nikasema akiita mara moja tena nitaitika, na akiita, nasema moja tena. Nikaondoka nitulize hasira, nikapotea kwa hayo mawe hadi giza likaingia. Asubuhi nilirudi. Nilifunga kamba, nikashuka, alikuwa amekwisha kuwa baridi."

Emily alifunika uso kwa leso.

"Na Kipruto?" Oduor aliuliza.

"Nilimpa kamba kwa sababu singeweza kuishika. Walipomkamata, nilinyamaza. Niliona kunyamaza si kusema uongo."

Pascalia alinyoosha mkono akalichukua jani, akalilainisha juu ya goti lake.

"Ulimfunika wewe?"

"Mimi, mama."

"Asante kwa hilo," alisema. "Sasa toka kwangu. Na kaburi utamwachia mwingine amalizie."

Jumatatu asubuhi, Erastus akiwa ndani ya selo, Kipruto alifunguliwa. Jerotich alimsindikiza hadi stendi, akamkatia tiketi. Kijana alimwambia maneno mawili matatu kwa lugha ya kwao, kumshukuru, na Jerotich akatambua kwamba kwa miezi mingi hakuna aliyemsemesha kwa lugha hiyo. Alitaka kumwambia abaki kidogo. Lakini mke alikuwa karibu kujifungua, na gari lilikuwa limejaa.

Saa nne alirudi kantini, akachukua chai yake, akaenda kando ya dirisha. Mazungumzo yalikatika kama kawaida. Kisha kutoka meza ya nyuma mtu akamwita kwa jina. Mara moja tu, si kwa nguvu.

Jerotich aliinuka na kikombe chake, akaitika.